Maili Nne

Fundi wa vipimo, ambaye mtaa mzima humwita Bisibisi, alikuwa kwenye kikombe cha pili cha chai alipoona meza imelowa. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi. Akatafuta beseni, akaliweka chini ya ile saa ya maili, akamalizia chai yake.

Saa hiyo ya shaba, kubwa kama kopo la maziwa, ilifungwa kwa miaka mingi kwenye upande wa nyuma wa meli. Propela ndogo iliburutwa majini kwa kamba ndefu, ikazunguka, na mshale ukahesabu maili. Sasa kampuni ilitaka ing'arishwe, itundikwe ukumbini siku nahodha atakapostaafu. Bisibisi alipoitia mafuta, ikaanza kurudia safari zake pale pale mezani, moja baada ya nyingine. Mteja aliyeleta mizani yake alilalamika tu kwamba kamba inampitia miguuni.

Ilipofikia safari ya miaka kumi na moja nyuma, Bisibisi alimwita mama yake. Katika safari hiyo kaka yake Bisibisi, baharia, alianguka baharini saa sita mchana, akiisoma saa hiyohiyo ya maili. Nahodha alikuja mwenyewe kutoa pole, akasema aligeuza meli, akamtafuta mpaka jua likazama. Tangu hapo mama humwombea nahodha heri. Ila meli haigeuzwi kabla kamba haijavutwa ndani, la sivyo itajisokota kwenye propela kubwa. Na kamba ikivutwa, mshale husimama.

Nahodha naye alipita kukagua. Akapewa kiti na chai.

Saa sita kamili kamba ilikaza. Mshale ukawa mzito, ukajikokota hivyo maili nne. Kisha ukawa mwepesi, ukaenda zake. Jua lilizama, nahodha yuko kwenye kikombe cha nne, na mshale haukuwa umesimama hata mara moja.

"Inafanya kazi vizuri," alisema nahodha, akatia sahihi, akaaga.

"Kaka yako aliishika kamba maili ngapi?" mama aliuliza.

"Nne, mama."

"Huyo tangu akiwa mchanga, akishika kitu haachii," mama alisema, akalia sana.

Kwenye sherehe nahodha alisifiwa kwa kumtafuta baharia wake mchana kutwa. Makofi yalipigwa. Mama alikuwa mbele, ameikamata kamba kwa mikono miwili, na mshale ukutani umekuwa mzito. Mhudumu alimwomba kwa adabu aiachie.

"Ngoja kidogo, baba," mama alimjibu. "Nampokea mwanangu zamu."