Tafsiri ya Wifi

Usimuulize Mwavita kwa nini hajui Kifaransa, atakukasirikia. Baba yake alimtoa shule mapema akauze ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, basi, yakaishia hapo. Kwa hiyo seri, ile tamthilia ya Kifaransa, ilipokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni kila siku baada ya alasiri, yeye aliangalia picha tu. Maneno aliyapata kwa wifi yake, Raïssa, aliyesoma kwa masista hadi akapata diplome. Raïssa aliketi mkekani, anamenya mihogo na kutafsiri, na wanawake wa mtaa wa Mulongwe wakajaa hadi mlangoni. Wee, alijua! Mgonjwa wa kwenye seri akilia, analia naye; bwana akifoka, anafoka kumzidi.

Wote walimpenda Ines, mwanamke wa seri ile, ambaye mumewe alimwacha akaenda kuishi na mwingine. Mwavita alimpenda kupita wote. Tariki, mume wake na kaka wa Raïssa, alikuwa amemfanyia vile vile: miaka mitatu kwa mwanamke wa Luvungi, halafu akarudi na mfuko wa nguo na maneno matamu. Mwavita hakuwa amemjibu. Rafiki yake Geneviève alikuwa amemwekea chumba Lemera, wapike pamoja chakula cha watu wanaouguza hospitalini. Abaki au aende? Usingizi ulikuwa umemkimbia.

Wiki hiyo hiyo mume wa Ines naye akarudi. Ines alisimama mlangoni, akasema maneno marefu, na Raïssa akayatafsiri pole pole, machozi yakimlengalenga: "Ingia. Nyumba ni yako. Nimechoka kukuchukia."

Kipande kikaishia hapo. Wanawake wakapiga vigelegele, Mwavita akalia hadi kitenge kikalowa. Kesho yake umeme ukakatika mji mzima, na uliporudi seri ilikuwa imekwisha. Haidhuru, alishasikia alichotaka kusikia. Akamtumia Geneviève salamu kwamba haji, akamtandikia Tariki kitanda.

Miaka minne imepita. Tariki ameenda tena Luvungi mara mbili na mara mbili amerudi, na kila mara Mwavita alijiambia: Ines aliweza, minye nishindwe?

Siku hizi nani anaenda kuangalia seri kwa nani? Kila mtu na simu yake, ekuteri masikioni, anacheka peke yake. Mwezi huu Mwavita naye alipata simu kubwa, akaenda kwa Ayoubu, yule anayewawekea watu filimu kwenye kadi ya simu.

"Mama, ile ya Ines iko," Ayoubu akamwambia. "Sasa banaitia sauti mu Kiswahili."

Mwavita alirudi mbio, akaketi nyuma ya nyumba, akatafuta kipande chake. Ines akasimama mlangoni, uso ule ule, machozi yale yale. "Umekosea nyumba," akasema. "Yule uliyemwacha hapa hayupo tena." Kwenye kipande kilichofuata alikuwa anafunga mlango, na cha baada ya hapo alikuwa na duka lake, anacheka.

Mwavita akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akasikiliza mara ya tatu, akainuka. Alimkuta Raïssa anachambua mchele, akamtia ekuteri moja sikioni. Raïssa akasikiliza. Vidole vyake vikasimama ndani ya ungo.

"Wifi, nilitaka nyumba isivunjike."

"Nyumba ya nani? Ulinidanganya, Raïssa! Mbele ya majirani wote, unanitazama machoni!"

"Si minye nilitunga." Raïssa alikuwa analia sasa, na safari hii hakuwa anaigiza. "Kaka alishaona kipande kile Bujumbura, kule walitangulia kukionyesha. Ni yeye alinifundisha maneno. Alisema, Mwavita akimsikia Ines anasema hivyo, atakubali."

Mungu wangu! Tariki alikuwa amesimama dirishani siku ile. Mwavita alimwona anafuta macho, akamwonea huruma. Kumbe alikuwa anasikiliza maneno yake mwenyewe, anangoja yamwingie mkewe. Uchungu ukamjaa, na aibu juu yake, maana maneno yale aliyashika miaka minne kama dua.

Hakujua kama Geneviève bado ana nafasi. Aliingia ndani, akaanza kukunja nguo zake. Raïssa akamfuata hadi kizingitini.

"Wifi, jamani! Kaka akirudi nitamwambia nini?"

"Mwambie nimeenda Lemera," Mwavita akasema. "Na weye, usiongeze neno."