Alama Kabla ya Nyundo

Vickery na Wanawe ilikuwa kampuni ya bastola mjini Rialto, California, na Vickery hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja. Alikuwa na binti, daktari wa meno, ambaye hakutaka hata kupita mtaa ule. Jina hilo mzee aliliweka kwa sababu lilisikika la zamani na la heshima, na bastola zetu zilihitaji kila msaada uliopatikana. Zilikuwa za zinki. Zinki inayeyuka upesi, inamiminwa kwenye kalibu, inaganda kabla hujamaliza kupiga chafya, na dukani bastola inauzwa dola hamsini na tisa. Wenye silaha za fahari walisema zetu zinafaa kukandamizia karatasi zisipeperuke. Waliozinunua hawakucheka, maana uwezo wao ulikuwa unaishia hapo.

Naitwa Herlinda Quiroz. Nilikaa meza ya ukaguzi miaka kumi na mitatu. Kaka yangu Abundio, aliyekuwa kwenye tanuri, ndiye aliyeniingiza. Sioni haya na sijisifu. Wenzetu wa kiwanda cha jirani walifunga kuku kwenye mifuko, sisi tulifunga bastola kwenye maboksi, na saa sita mchana sote tuligombania burito kwenye gari moja la chakula.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua bastola isiyo na risasi, unaikoki, unaipiga nyundo ya mpira mara tatu: nyuma, ubavuni, juu. Pini inayogonga risasi ikibaki mahali pake, imefaulu. Ikifyatuka, basi kijino kinachoishika kimekaa vibaya, na bastola hiyo ikianguka sakafuni na risasi ndani italia bila kuguswa. Hiyo unaitupa kwenye pipa jekundu, inakwenda kwa Tuyet, mama wa Kivietinamu aliyekuwa fundi wa marekebisho. Iliyofaulu unaifungua skurubu mbili, unainua kibao cha mpini, unagonga alama yako chini yake, unarudisha kibao na kukaza. Kila mkaguzi alikuwa na alama yake. Yangu ilikuwa nyota.

Mwaka tisini na mbili Los Angeles iliwaka moto kwa ghasia, na moto ulipozima jimbo zima lilitaka bastola. Msimamizi wetu, Stroud, alikuja mezani akisugua viganja.

"Akina mama, kuanzia leo mia tatu kwa siku."

"Mikono ni miwili, Stroud," nikamwambia. "Au umetuletea mingine?"

"Mingine utaazima kwa shemeji yako, yule asiyefanya kazi."

Wanawake walicheka, nami pia, lakini kichwa kilikuwa kinafanya hesabu. Nyundo haikuchukua muda, skurubu ndizo zilizotula. Na zile bastola zilikuwa zinapita mbele yetu asubuhi zikiwa wazi, kabla vibao havijafungwa. Kwa nini nisigonge nyota wakati huo, vibao vifungwe, halafu nyundo ije mwisho? Hakuna kufungua wala kukaza. Inayofeli si inakwenda pipa jekundu vilevile? Nikalisema hilo kwa sauti. Stroud alinitazama kama mtu aliyeokota pochi.

Wiki hiyo tulifika mia tatu na ishirini. Vickery mwenyewe alishuka kutoka ofisini, akanipa paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, akaagiza mpango wangu uchapwe na kutundikwa ukutani: Utaratibu wa Quiroz. Jina langu alilitamka vibaya, lakini kwenye karatasi lilikuwa sawasawa. Nilijivuna, nakiri. Picha yangu na lile paja niliituma kwa mama yangu, nyumbani kwetu Zacatecas, naye akawaonyesha hadi watu asioelewana nao.

Fahari haikudumu. Miji ilianza kutunga sheria, maduka yakaacha kuagiza, kampuni za bima zikajitoa moja baada ya nyingine. Vickery alisema bima ni wizi, akaendelea bila. Kufikia tisini na tisa tulikuwa tumebaki watu arobaini kati ya mia na ishirini, na upande wa mashariki wa kiwanda taa zilikuwa hazijawashwa mwaka mzima.

Ndipo ikaja barua ya mashtaka kutoka Fresno. Mwanamke mmoja, Loretta Beasley, alikuwa akishusha blanketi kabatini, bastola ya mumewe ikaponyoka kutoka kwenye rafu na kugonga sakafu. Ililia yenyewe. Risasi ilimwingia mgongoni chini, na tangu siku hiyo hatembei. Bastola ilikuwa ya kwetu. Chini ya kibao walikuta nyota.

Wakili wa kampuni alinifunda kabla ya siku ya kutoa ushahidi kwa kiapo.

"Unapiga nyundo mara tatu. Ikifaulu, unagonga alama. Kwa hiyo nyota maana yake imefaulu. Iliyotokea baadaye ni uzembe wa mwenye nyumba. Rahisi."

"Lakini alama tulikuwa tunagonga kwanza."

"Mama Quiroz, sikukuuliza mlikuwa mnagonga lini."

Sikuwa na wasiwasi bado. Kwanza au mwisho, nyundo si ilipigwa? Mbovu si zilikwenda pipa jekundu? Lakini jambo lilikuwa linanikereketa, na mchana ule, kwenye foleni ya gari la chakula, nikamuuliza Tuyet.

"Ukimaliza kurekebisha zile za pipa jekundu, unampelekea nani?"

"Wa kufungasha."

"Hurudishi kwetu?"

"Nirudishe za nini, dada? Zina alama. Yenye alama si imeshakaguliwa?" Aliendelea kutafuna.

"Tangu lini, Tuyet?"

"Tangu mlipobadilisha. Zamani zilikuja kwangu hazina kitu, nikawa nazirudisha. Zikaanza kuja na nyota, nikajua mmeshaziona." Akanitazama usoni, akaacha kutafuna. "Kwani vipi?"

Burito yangu nilimpa mtu mwingine. Pipa lilikuwa likipokea kama kumi kwa siku. Miaka saba. Tuyet alikuwa fundi mzuri, lakini fundi mzuri naye hukosea, ndiyo maana kuna nyundo, na kwa zile kumi nyundo haikurudi tena. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelala kazini. Kosa lilikuwa kwenye karatasi ya ukutani, na karatasi ilikuwa na jina langu.

Jumapili Abundio alinikuta nikimwagilia bustani. Alikuwa ameshasikia.

"Sema walichokufundisha," akaniambia. "Watu arobaini, Herlinda. Mimi nina miaka hamsini na minne, kifua kimejaa moshi wa tanuri. Nani ataniajiri mimi?"

"Yule mwanamke hatembei, Abundio."

"Na ukisema wewe, atatembea?"

Niliendelea kumwagilia. Akanifungia bomba la maji kwa hasira, kana kwamba maji ndiyo yaliyomkosea, akaondoka.

Ushahidi wangu ulichukuliwa San Bernardino, kwenye chumba chenye kahawa mbaya. Loretta Beasley alikuwepo kwenye kiti cha magurudumu. Sikutaka kumtazama, nikatazama viatu vyake, na nyayo za viatu zilikuwa safi kama za dukani. Wakili wake aliamua kufungua kibao mwenyewe mbele yangu. Hakujua kutumia bisibisi. Ilimteleza mara mbili, na mkono wangu ulinyooka peke yake kutaka kumsaidia.

"Nyota hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ina maana gani?"

Wakili wa kampuni alikohoa. Nilimfikiria Abundio na kifua chake.

"Haina maana yoyote," nikasema. "Ilikuwa inagongwa kabla ya nyundo. Bastola hii yawezekana ilifeli mkononi mwangu, ikarekebishwa, ikafungashwa bila kupigwa nyundo tena. Utaratibu huo niliubuni mimi."

Wakili wa kampuni akaweka kalamu chini. Loretta alinitazama muda mrefu, si kwa ubaya, wala si kwa shukrani.

Vickery hakusubiri hukumu. Alitangaza kufilisika kabla ya mwezi kwisha na kuhamia kwa binti yake. Loretta alipata kidogo, mawakili wakapata zaidi yake. Tuyet alifungua duka la kucha. Abundio alikaa nyumbani, na Krismasi ile tulipokuwa tukifunga tamale za unga wa mahindi kwa mama mkwe wake aliniambia sentensi moja tu, nayo ilihusu chumvi. Inaniuma hadi leo, na ningesema vilevile.

Mnadani mashine zilichukuliwa na wenye vyuma chakavu. Kalibu hakuna aliyezitaka isipokuwa Stroud. Alizipakia kwenye lori na kwenda nazo Kingman, Arizona, akaweka jina jipya mlangoni. Bastola ilikuwa ileile. Miezi minane baadaye simu yangu ikalia, naye ndiye aliyepiga.

"Herlinda, mama yangu, njoo. Nimepata wasichana wanne, hawajui nyundo wala bisibisi. Nahitaji mwenye mkono."

"Alama unagonga lini?"

"Swali gani hilo? Kabla, kama kawaida. Utaratibu wa Quiroz. Nimeubeba na fremu yake."

Nikamwambia nakuja. Abundio alinitukana kwenye simu, akasema nimewaua wao kisha nakwenda kumlamba miguu aliyerithi maiti. Nilimwacha amalize. Nikaendesha gari kwa saa nne jangwani, nikapanga chumba kwa wiki.

Jumatatu asubuhi niliishusha ile karatasi ukutani, nikawaambia wale wasichana: nyundo mara tatu kwanza, halafu fungua skurubu, halafu gonga alama. Ya pipa jekundu ikirekebishwa inarudi hapa tupu. Mmoja wao, Yesenia, aliuliza kwa nini tujichoshe. Nikamweleza habari za Fresno. Akachukua nyundo.

Tulitoa sabini kwa siku. Jumanne Stroud alicheka, akasema mkono wangu umeingia kutu. Jumatano hakucheka. Alhamisi alasiri alikuja na hundi yangu ya mwisho, ameshaiandika.

"Kwa mwendo huu nafunga kabla ya Pasaka, Herlinda."

"Najua."

"Ulijua tangu ulipokuja?"

"Nilijua."

Alikasirika sana, lakini ni mtu wa adabu, akanifungulia mlango. Nyuma yake Yesenia alikuwa ameshaanza kupanga bastola zilizo wazi kwenye trei, tayari kwa alama.

Zilizopita mkononi mwangu siku zile nne ni mia mbili themanini na moja, na zote zilipigwa nyundo. Za Rialto ambazo hazikurudiwa nyundo sijui ni ngapi, wala ziko kwenye makabati ya akina nani.