Maji ya Kwanza

Wivu ninao, tena wa wazi. Simwonei mtu gari wala nyumba ya bati. Namwonea Noela machozi.

Mimi ndiye Mama Valerian, mfuaji wa vitambaa vya altare hapa kigangoni kwetu, nje kidogo ya Geita. Mume wangu alinioa nikiwa navifua, akafa nikiwa navifua. Rozari sikosi, jumuiya sikosi. Lakini ukinibana uniulize, "Mama, Mungu unamsikia?" nitakujibu simsikii. Nasali kama anayetwanga kinu kitupu. Mwaka huu visima vimekauka, mahindi yamekauka, watu wanakuja misa wakichezea simu. Nikasema basi, ndivyo dunia ilivyo, tumekaukiwa wote.

Ndipo akaja huyu Noela! Mponda mawe wa machimboni, kabatizwa Krismasi iliyopita, hata Nasadiki anaisali akichungulia kitabu. Padre akiinua hostia tu, mwenzangu machozi chururu! Mabega yanamtetemeka. Mie nipo benchi la mbele, mkavu, shingo inaniuma kwa kugeuka kumtazama. Nikamuuliza Mungu: huyu wa juzi ndiye unayemtembelea, na mimi niliyekufulia miaka yote hii unanipita mlangoni? Hiyo ndiyo haki?

Kana kwamba haitoshi, katekista akamleta anisaidie kufua. Nikamfundisha, nitafanyaje? Vitambaa hivi hufuta kalisi. Kwa hiyo maji ya kwanza ya kusuuzia hayamwagwi ovyo, huenda yakawa na tone la Damu ya Bwana. Humwagwa ardhini, pasipokanyagwa na mtu. Nikamwonyesha mahali petu, nyuma ya sakristia. "Ndiyo, mayu," akaitika. Mayu kwa Kisukuma ni mama. Hata heshima yake ilinikera.

Jumamosi iliyofuata napita nyuma ya sakristia, ardhi kavu kau. Natupa jicho barabarani, namwona Noela na kidumu kakificha ndani ya kanga, anaelekea machimboni. Moyo ukaniruka kwa furaha, nisiwadanganye. Kule shimo likikataa kutoa dhahabu, watu hutafuta dawa. Anawauzia maji ya Bwana! Siku za mwizi arobaini, mama. Kumbe machozi yale usanii mtupu. Nikamfuata na jua lile la saa nane, sare yangu ya WAWATA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, ikinata mgongoni.

Akaipita mitambo ya kusagia mawe, akayapita mashimo yenye watu, akafika penye shimo lililotitia zamani, limezungushiwa miiba. Akachuchumaa. Akaanza kumimina yale maji polepole kwenye udongo.

"Noela!"

Akashtuka. "Shikamoo, Mama Valerian."

"Shikamoo ya nini? Maji ya Bwana unayamwagia mashetani gani?"

"Si mashetani, mayu. Ni Innocent, mume wangu. Udongo ulimfukia humu kabla sijabatizwa, wakashindwa kumtoa. Wewe ulisema pasipokanyagwa na mtu. Nyuma ya sakristia watoto wanacheza mpira. Hapa hakanyagi mtu."

Nikapiga ishara ya msalaba kulielekea shimo. Lakini wivu si mgeni wa kuaga haraka. Nikamuuliza lililonileta hasa. "Na misani Mungu anakwambia nini hata ulie vile?"

"Haniambii kitu," akasema. "Namwita tu. Kama nilivyomwita Innocent siku ile, nimelala hapa kifudifudi mpaka sauti ikakauka, na chini kimya. Ndicho kinachoniliza, kile kimya. Kisha nakutazama wewe umetulia pale mbele, nasema huyu anajibiwa. Nakuonea wivu, mayu, mpaka naona aibu kwenda kukomunika. Akikujibu, huwa anasemaje?"

Jamani! Akanikazia macho, anangoja. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Hapo nikamwonea wivu upya, na huu ulikuwa mchungu kuliko wa kwanza. Yeye haitikiwi na bado anaita. Mimi nilishaacha kuita, hata sikumbuki lini.

"Hajawahi kunijibu," nikasema.

Hakucheka. Akanipa kidumu, maji yalikuwa yamebaki kidogo. Nikapiga magoti vumbini, nikamimina, na hasira zote zikapanda.

"Wewe! Uko wapi? Nimekufulia mpaka vidole vimepinda! Nakutaka, unanisikia? Uko wapi?"

Wachimbaji wa mashimo ya jirani wakageuka kututazama. Noela alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Umesikia kitu, mayu?"

"Sijasikia." Pua ilikuwa imejaa, uso umelowa.

Akanifuta kwa pindo la kanga yake. "Basi tuje tena Jumamosi."

Nilipoinuka nilimwona anakiokota kidumu. Nikamnyang'anya.

"Jumamosi," nikamwambia, "naanza mimi kumwita."