Bi Edna na Basi la Alhamisi

Mkutano wa baraza la kijiji cha Thorsby Ndogo ulianza kwa kuchelewa kidogo kwa sababu hita ya ukumbi ilikuwa inawaka upande mmoja tu, na madiwani wote walitaka kukaa upande huo. Walipokwisha kubanana, Mwenyekiti Maurice Tindall aligonga meza kwa kijiko cha chai, akasoma salamu za udhuru za wasiohudhuria, akafungua ajenda. Wakaanza na kinyesi cha mbwa kwenye njia ya kanisani, jambo ambalo hujadiliwa kila mwezi na ambalo mbwa hawajawahi kuarifiwa.

Maurice alikuwa ameuza mabafu na mabomba mjini maisha yake yote, na baada ya kustaafu alikwenda kwenye mkutano wa baraza kulalamikia taa ya barabarani. Akatoka kidogo kwenda haja. Aliporudi alikuta amechaguliwa mwenyekiti bila kupingwa. Hadithi hiyo alipenda kuisimulia mwenyewe, kabla mwingine hajaisimulia vibaya zaidi. Mke wake alipokuwa hai alikuwa akisema kwamba Maurice ametawala bomba moja kwa miaka mingi na sasa amepewa kijiji, na vyote viwili vinavuja.

Walipofika kwenye Mengineyo, karani wa baraza, Hilary Wragg, alisema kwamba Bi Edna Pickersgill ameota mizizi pale kwenye kituo cha basi.

"Imefika wapi?" akauliza diwani Fiona Garside, mwanamke mwenye bustani inayoshinda mashindano na asiyependa maneno mengi.

"Imepita nje ya kibanda. Inaelekea kwenye njia ya waenda kwa miguu."

Hapo pakawa pagumu. Kibanda ni mali ya baraza, lakini njia ya waenda kwa miguu ni mali ya kaunti. Walijadili kwa kirefu kama mtu aliyeota mizizi kwenye mali mbili ni wa nani. Mwishowe wakaunda kamati ndogo, mwenyekiti wake Maurice, maana ndiye aliyekuwa akitazama dirishani wakati wenzake wanainamisha macho.

"Wewe ndiye unayefaa," Fiona alimwambia huku akivaa koti. "Mwenyewe umeshaota mizizi kwenye hicho kiti."

Watu wakacheka, na Maurice akacheka kuliko wote.

Lililompeleka Bi Edna kituoni lilijulikana na kila mtu mezani pale, ndiyo maana hakuna aliyelitaja. Mume wake, Wilf, alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee kule mjini Marlthorpe. Akili yake ilikuwa imeanza kutangatanga, na wahudumu walipomletea chakula alikaza meno. Alikuwa akila vizuri siku ya Alhamisi tu, Bi Edna anapofika na mkoba wake na chupa ya chai. Naye Bi Edna hakuwa na gari. Alikuwa na basi la Alhamisi.

Majira ya baridi yaliyotangulia, kaunti iliandika kuuliza kama kijiji kina maoni yoyote juu ya kuondolewa kwa basi hilo. Kwa bahati mbaya, katika mkutano huohuo palikuwa na suala la rangi ya kibanda cha kituo. Wako waliotaka kijani cha majani, wako waliotaka kijani cha chupa. Watu walipandishana sauti, diwani mmoja akatishia kujiuzulu, Hilary akapitisha biskuti ili kurudisha amani. Kijani cha chupa kilishinda kwa kura moja. Ilipofika zamu ya basi, ukumbi ulikuwa unakaribia kufungwa, na funguo za magari yao zilikuwa tayari mezani kando ya vikombe. Maurice akapendekeza wajibu kwamba baraza halina pingamizi, mradi kibanda kibaki. Wakakubali kwa kauli moja, naye akaenda nyumbani akijisifu kwamba kikao kimekwisha kwa wakati. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na pale mezani walikuwa wameshiba usafiri wote.

Basi likaondoka. Kibanda kikapakwa rangi, kikapendeza kwelikweli.

Bi Edna aliendelea kwenda. Alhamisi ya kwanza Maurice alimkuta amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akasimamisha gari na kushusha kioo. Alikuwa anakwenda Marlthorpe kunyolewa nywele.

"Nikupeleke, Bi Edna?"

"Hapana, asante, Maurice. Sitaki kukusumbua. Basi litakuja."

"Nadhani wamelitoa, Bi Edna."

"Nimesikia," alisema Bi Edna. "Lakini si mmepaka kibanda rangi mpya? Watu hawapaki rangi kibanda kisicho na basi."

Maurice alitazama kile kijani cha chupa. Sasa, pale Thorsby Ndogo mwaliko wa kwanza ni salamu. Mtu anakuuliza kama unataka lifti, kipande cha keki au kuazimwa ngazi, nawe unakataa, maana anayekubali papo hapo ataonekana hakulelewa. Mwaliko wa pili ndio mwaliko wenyewe, na huo hukubaliwa kwa shukrani nyingi. Kila mtu anajua hivyo, na Maurice alikuwa amezaliwa hapohapo. Lakini kinyozi alikuwa anamsubiri, na kumpeleka Bi Edna kulimaanisha pia kumrudisha. Akapandisha kioo, akapunga mkono, akaenda kunyolewa.

Wengine nao walipita, wakauliza mara moja moja, wakakataliwa mara moja moja. Wote wakaenda zao wakiwa na dhamiri safi. Wahenga wanasema subira huvuta heri. Hawakusema kama huvuta na mabasi.

Ikafika Alhamisi moja Bi Edna hakurudi nyumbani. Alisema haoni faida ya kwenda na kurudi ilhali basi linaweza kutokea wakati wowote. Soli za viatu vyake zikashika sakafu. Soksi zake zikageuka kijani, halafu kahawia, na magamba magumu yakapanda hadi magotini. Watu walimsalimia wakienda kununua magazeti, naye aliwajibu na kuwauliza hali ya watoto. Kijana wa posta alianza kumletea barua zake palepale, maana ndiko anakopatikana.

Maurice, kwa niaba ya kamati ndogo, alikwenda kumwona akiwa na chai na skonzi mbili. Wakati huo mikono ya Bi Edna ilikuwa imeinuka juu na haikushuka tena, ikabidi amlishe.

"Unaumwa popote?"

"Hapana. Ila mgongo umekuwa mwepesi, sijui kwa nini." Alitafuna polepole. "Wilf hali chakula, Maurice. Anakaza meno mpaka nifike."

"Nitaongea na kaunti."

"Usisumbuke, jamani."

Maurice hakusumbuka, lakini kamati ndogo ilisumbuka sana. Ilitoa taarifa ndefu, na kwa taarifa hiyo baraza likaomba hati ya kuhifadhi mti, ikatolewa haraka kuliko hati yoyote katika historia ya kaunti. Sasa ilikuwa kosa la jinai kumkata Bi Edna, kumchoma au kumhamisha bila kibali. Wakatoboa paa la kibanda apate kutoka, wakamzungushia maua chini. Fiona alichagua maua hayo mwenyewe. Majaji wa mashindano ya vijiji nadhifu walipopita walisimama hapo muda mrefu, wakasifu ubunifu, na Thorsby Ndogo ikashika nafasi ya pili. Kilichoshinda ni kijiji cha jirani ambacho nyumba zake zote ni za watu wa jiji wanaokuja Krismasi tu, kwa hiyo hakina anayekichafua.

Mwisho wa kiangazi Bi Edna alizaa plamu. Zilikuwa ndogo, nyeusi na kali, za kufaa jamu. Akina mama wa ukumbi walizichuma wakamwomba radhi kwa kila tawi, wakapika jamu na kuiuza kwenye maonyesho ya kijiji kwa ajili ya kukarabati hita. Kufikia hapo Bi Edna hakuwa anazungumza tena. Siku za Alhamisi tu matawi yake yote yaliinamia barabarani, upande ambako basi lilikuwa likitokea, na madereva walilalamika kwamba hawaoni kona.

Maurice alinunua chupa moja ya jamu na kuipeleka Marlthorpe. Hakujua hasa kwa nini. Alijiambia kwamba anahitaji betri za saa.

Wilf alikuwa dirishani, amekonda, shati lake limekuwa kubwa. Hakumtambua Maurice, ingawa Maurice ndiye aliyemwekea bafu. Maurice alifungua chupa akamwekea kijiko mkononi. Wilf akanusa, akaonja, meno yakaachia.

"Amekosa basi?" aliuliza.

"Limechelewa," alisema Maurice.

"Mwambie asikimbie. Nipo."

Akaila jamu yote, kijiko kwa kijiko, mpaka akakwangua chupa. Maurice alikaa garini nje ya ile nyumba, ameshika usukani, akiona aibu. Hapo ndipo alipoamua kwamba Wilf ataletwa Thorsby Ndogo, awekwe kwenye kiti cha magurudumu chini ya Bi Edna, angalau mchana mmoja.

Mtu mwingine angewasha gari kesho yake akamleta. Wahudumu walikuwa wamekwisha kukubali, na gari lilikuwa na nafasi. Lakini Maurice alikuwa mwenyekiti. Akaliweka kwenye ajenda.

Mkutano ulilipokea jambo hilo kwa moyo mkunjufu. Kila aliyesimama alisema ni wazo zuri, kisha akauliza swali moja tu. Kiti cha magurudumu kitapandaje ukingo wa barabara? Tawi likimwangukia mzee, bima ni ya nani, ya kibanda au ya kaunti? Je, mgeni wa mti uliohifadhiwa anahitaji kibali? Fiona alisema majira yamekwisha poa, mzee atapata mafua, afadhali wangoje majira ya machipuko ambapo pia Bi Edna atakuwa amechanua na picha zitapendeza. Maurice alifungua kinywa aseme kwamba hilo halihitaji kura. Akaona nyuso zote zimemgeukia, akaona saa ya ukutani, akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza nani anaunga mkono kuahirisha.

Ngojangoja huumiza matumbo. La Wilf liliumia kuliko yote. Alikaza meno mwezi Februari na hakuyaachia tena.

Maurice alikwenda kituoni kumwambia Bi Edna. Matawi yalikuwa matupu na benchi limelowa. Alivua kofia akasema, "Bi Edna, Wilf amefariki," kisha akasema kwamba ingewezekana kumleta na hakumleta. Bi Edna hakulia, maana miti hailii. Maurice ndiye aliyelia, amesimama mbele ya watu waliokwenda kununua magazeti, nao kwa adabu wakavuka wakapita upande wa pili wa barabara. Katika kikao kilichofuata baraza lilisimama kimya kwa dakika moja, halafu likarudi kwenye kinyesi cha mbwa.

Machipuko yalipofika Bi Edna alichanua kama aliyeahidi. Ilikuwa imetarajiwa kwamba sasa ataacha kuinamia barabarani, kwa kuwa hana tena wa kumwendea, lakini Alhamisi aliinama vilevile. Baraza liliomba kibali cha kumpunguza matawi ya upande wa kona kwa usalama wa magari, likakipata.

Mwaka huo daktari wa macho alimwambia Maurice kwamba ana wingu katika jicho la kulia na lingine linakuja kushoto, akamnyang'anya leseni ya udereva kwa upole. Atahitaji kuhudhuria kliniki ya Marlthorpe, alisema, na kliniki ya macho ni siku ya Alhamisi. Maurice akajiuzulu uenyekiti, kwa sababu hakuweza tena kusoma ajenda. Akapewa fremu yenye picha ya kibanda. Fiona alichaguliwa mahali pake, akiwa jikoni anasuuza vikombe.

Kwa hiyo Alhamisi Maurice alivaa koti la mvua, akachukua chupa ya chai, akaenda kukaa kituoni. Kibanda kilikuwa kimepakwa upya majuzi tu. Alijua kuliko mtu yeyote kijijini kwamba hakuna basi. Alijua hata nani alipendekeza. Lakini benchi lilikuwa kavu, rangi ilikuwa nzuri sana, na akiitazama kwa jicho lililobaki ilikuwa vigumu kuamini kwamba watu wazima wangejisumbua hivyo bure.

Gari la Fiona lilisimama. Kioo kikashuka.

"Nikupeleke, Maurice?"

Maurice aliinua uso. Ndani ya gari palikuwa na kiti kitupu na joto.

"Hapana, asante," alisema. "Sitaki kukusumbua."

Akangoja. Fiona naye alingoja kidogo, vidole vyake vikigonga usukani. Kisha akatabasamu, akapandisha kioo, akapunga mkono, na gari likapinda kona ambayo sasa inaonekana vizuri.

Manyunyu yakaanza. Bi Edna alisogeza tawi moja hadi juu ya tundu la paa ili Maurice asilowe, naye akamshukuru. Alijimiminia chai, akatazama upande ambako basi lilikuwa likitokea. Baadaye aliinama akalegeza kamba za viatu, maana vidole vilikuwa vimeanza kutaka nafasi.