Mkataba wa Bi Mwatumu Watafuta Mrithi

Jana mchana, kati ya adhuhuri na alasiri, Zumrati alijinyoosha mkekani pale mtaani Chumbageni, akaota ndoto ambayo hakuiomba.

Arobaini ya shangazi yake, Bi Mwatumu, ilikuwa imesomwa juzi tu. Asubuhi ya jana wakala wa mwenye nyumba, Bwana Shekue, akaja kutoa pole. Pole yenyewe ilikuwa na muhuri: siku saba, vyumba viwe vitupu.

"Upangaji hurithiwa na mume au mtoto," alisema kwa huruma, huku akinywa chai ya Zumrati. "Wewe ni mtoto wa kaka. Ungekuwa wa kuzaa, dada yangu, hata tusingezungumza."

Miaka kumi na mmoja Zumrati alimgeuza shangazi yake mgonjwa kitandani na kumlisha uji kwa kijiko. Wa kuzaa, Haroub, yuko Maskati. Alituma salamu kila Idi, isipokuwa Idi alizosahau.

Basi katika ndoto, Mkataba anaingia sebuleni kwa miguu yake. Ni mzee wa kurasa mbili, amekunjika kona, anapumua kwa shida.

"Nimekuja kurithiwa," anasema.

"Karibu," Zumrati anajibu, maana amelelewa vizuri.

"Ahsante, lakini si na wewe. Naambiwa nifuate damu."

Damu inaingia. Imevaa viatu vya kung'aa na haikuvivua mlangoni. Inauliza choo kiko wapi.

"Hukijui choo cha nyumbani kwenu?"

"Mimi ni damu," inajibu. "Mambo ya choo hayanihusu."

Sebule inakuwa ofisi. Karani ni kabati la vyombo, na hakuna anayeshangaa.

"Nani aliishi ndani ya nyumba hii?" linauliza.

"Mimi."

"Ndani kiasi gani?"

Zumrati anapimwa kwa futi ya fundi cherehani. Yumo ndani mwote, ila pindo la khanga limetokeza dirishani.

"Pindo litahama," kabati linaandika.

Beseni la kumwogeshea mgonjwa linaomba kusema. "Huyu mama namjua. Amenibeba miaka yote."

"Mna undugu?"

"Hapana. Mimi ni la plastiki."

"Shahidi hana damu. Atoke."

Hapo Zumrati anachoka na adabu. Analiokota beseni, anaikabidhi Damu. "Haya, rithi. Saa ya kumgeuza mgonjwa imefika."

Damu inatazama saa yake. Inakumbuka kwamba ina ndege ya kuwahi.

Ofisi imekuwa chumba cha kulala. Bi Mwatumu yumo kitandani, amefumba macho.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, shangazi."

"Nimejua. Wengine hubisha hodi."

Zumrati anamgeuza taratibu, upande wa kulia kwanza, kama alivyopenda. Mkataba anajikokota mpaka ukingoni mwa kitanda, anaketi.

"Mimi magoti yangu yamekwisha," anasema. "Siendi Maskati."

"Kabati halitakubali," Zumrati anasema.

"Nitalisemea mimi," mlango unadakia, kwa sauti ya kukwaruza. "Nampigia Haroub sasa hivi. Namba yake ninayo, aliichora kifuani pangu kwa msumari alipokuwa shule."

Simu ikaita. Zumrati akaamka, shavu limechorwa na mkeka. Alikuwa Haroub, ambaye hajapiga tangu siku ya maziko.

"Dada Zumrati, nimemwandikia wakala. Nimemwambia mtoto aliyekuwa na mama ni wewe, na mimi sidai hata tofali. Amejibu jina lako litaandikwa kwenye mkataba."

Machozi yakamtoka Zumrati.

"Usilie, dada. Nilistahili kusemwa vile." Haroub akakohoa. "Ila yule mzee aliyenipigia muda mfupi uliopita, aliyejitambulisha kuwa ni mlango..."

"Enhe?"

"Mtieni mafuta kwenye bawaba. Nusu ya matusi sikuyasikia."