Mapambo ya Mwezi Ishirini na Tisa

...na usionekane, basi, usionekane, akajisikia anasema moyoni, na mkono ukasita juu ya bakuli la gundi, astaghfirullah, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, kafunga, ana udhu, Unguja nzima inangoja magharibi iingie watu watazame mwezi wa Idi, na yeye Bi Nassra peke yake amekaa kwenye jamvi ukumbini kwake Malindi anaomba mawingu, kwa sababu ukiandama leo Idi ni kesho, na mkwewe Mansour alisema atakuja kuwachukua watoto wake siku ya Idi baada ya sala, na usipoandama mfungo utatimia thelathini, atapata siku moja zaidi ya kukaa na wajukuu zake, siku moja tu, Mungu hakasiriki kwa siku moja, au hukasirika... "Bibi, gundi inadondoka," anasema Rawiya, kweli inadondoka, gundi ya unga wa ngano aliyoipika adhuhuri, nzito kama uji wa mgonjwa, na Majid keshachovya kidole, "Usilambe, Majid," "Mie sifungi," na kweli hafungi, ana miaka minne, mwache alambe, kesho nani atamkataza... karatasi za rangi wanazikata vipande vyembamba, kipande unakikunja pete, unaipitisha ndani ya mwenziwe, unabandika, nyekundu, kijani, manjano, na Rawiya ana haraka ya mikono, mikono ya mama yake ile, Hamda akiwa na umri huu akipamba ukumbi huuhuu, kutoka msumari wa dirishani mpaka kabatini, na yeye akimfokea, usinichafulie jamvi, laiti angejua, jamvi ni kitu gani, jamvi lipo, Hamda hayupo... usilie juu ya karatasi, zitachuja rangi. Na Mansour si mtu mbaya, hilo ndilo linalomuuma, angekuwa mbaya angepata pa kumshika, alikuja mwezi wa Shaaban, akavua viatu mlangoni, shikamoo mama, akakaa chini kabisa kama siku aliyokuja kuposa, akasema Rawiya keshatimiza saba, mama, na sheria unaijua, akitimiza saba hurudi kwa baba, na Majid sitaki kumtenga na dada yake, nyumba ya Kiembe Samaki ina uwanja, Shadya keshawatandikia vitanda, na huyo Shadya naye, mke mpya, mpole, hata ubaya wa kumsengenya hana, na Bi Nassra akajibu nini, akajibu hewala, watoto ni wa baba yao, kinywa kikasema hewala na ini likakatika, Mansour akasema uwaambie wewe mama, kwako watasikia, naye akajibu nitawaambia Ramadhani ikiingia, ikaingia, nitawaambia kumi la kati, likapita, sasa kumi la mwisho linakwisha naye anakata karatasi... atawaambiaje, alishawaambia watoto hawa jambo mara moja akaliharibu, siku ile Hamda alipofia hospitali, miaka miwili nyuma, nyumba imejaa wanawake, khitma inasomwa, Rawiya akamvuta kanga, mama yuko wapi, na yeye akasema kenda Maskati, atarudi, kwa nini Maskati hajui, ndilo lililokuja mdomoni, nyumba gani ya mji huu haina mtu Maskati, na mtoto akaamini, kila ndege ikipita anakimbilia dirishani, ikipita anakimbilia, mpaka siku moja akaacha, akaacha tu, na Bi Nassra hakuuliza ni nani aliyemwambia kweli, alishukuru, ndiyo, alishukuru kwamba kuna mtu kamfanyia kazi yake, na Majid mpaka leo ukimuuliza mama yako yuko wapi atakwambia Maskati... "Bibi." Naam, mwanangu. Majid kenda jikoni kunusa tambi, na Rawiya hainui uso, anabandika pete ya kijani, anaikandamiza kwa kidole gumba, "Baba akija kutuchukua," anasema polepole, "mie nshajua, Bibi, nlikuwa ngazini siku ile alipokuja, mie sina neno," anasema mtoto, "lakini Majid hajui. Mwambie Kiembe Samaki, mwambie tunakaa hukohuko. Usije ukamwambia kama lile la Maskati." Wala hana hasira, anasema huku anatafuta mkasi chini ya vipande.

Basi tangu Shaaban alikuwa anajua, akila daku, akijaribu nguo ya Idi mbele ya kioo, akicheka, na yeye akidhani anamkinga, kumbe mtoto wa miaka saba ndiye aliyenyamaza kwa ajili yake, aliona bibi yake hawezi, akamstahi, na lile la Maskati pia, aliacha kwenda dirishani asimuulize bibi yake asije akamfedhehesha... ya nini basi siku moja zaidi, ya kudanganya siku ya thelathini... redio ya jirani inakwaruza, tangazo bado, jua bado, Majid amerudi na tambi ngumi tele, anamkalia pajani, mzito, ana joto, ananukia iliki, "Bibi, mbona hubandiki?" na Bi Nassra anatafuta neno la kwanza, na sasa analijua hilo alilolikimbia mwezi mzima, watoto watalia watanyamaza, watoto watapata uwanja wa kucheza, anayeogopa kubaki humu ndani ni yeye.