Aliyetufungulia Mlango

Kaka yangu alikuja na karatasi alizoziandika mwenyewe, akataka nizishone katikati ya kitabu cha ukoo kana kwamba zilizaliwa humo. Aliziweka juu ya meza yangu, akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyekuja kunyolewa.

"Haya, fundi," akasema. "Kazi ndiyo hiyo."

Mimi najalidi vitabu. Chumba changu ni kile cha barabarani katika nyumba ya ukoo: dirisha moja, meza moja, kibano cha chuma cha kubania vitabu, mikebe ya gundi, na uzi ninaoupaka nta kwa mkono wangu. Naletewa vitabu vya sala vilivyochanika mgongo, kamusi zilizopoteza herufi za mwisho, vitabu vya shule vilivyoonjwa na panya. Hata nikila, vidole vyangu vinanuka gundi. Kaka yangu yeye ni mwenyekiti. Wa nini? Wa chochote. Kamati ya msiba, kamati ya paa, kamati ya kuunda kamati. Mtaani wanamwita Mwenyekiti, na akiitwa hivyo hugeuka haraka kuliko akiitwa kwa jina lake.

Kitabu chenyewe kiliandikwa na baba yake bibi, kwa mkono. Kinaeleza jinsi watu wetu walivyofukuzwa walikotoka kwa sababu ya namna wanavyosali, walivyotembea, nani alikufa njiani, nani alifika, na mji huu ulikuwaje kabla haujawa mji. Kati ya habari hizo zimo sala zao. Ni historia na ni ibada, na kwetu hakuna aliyewahi kuhangaika kuvitenganisha.

Bibi alipozeeka, wanawe wanne walianza kukinyemelea. Kila mmoja anataka kikae kwake. Siku moja aliwaita wote, akachukua kisu cha jikoni, akakipasua kitabu mgongo mbele ya macho yao. Walipiga yowe kama anayechinjwa ni mtu. Akakigawa mafungu manne. Tena hakukata penye mwisho wa sura, thubutu! Alikata pale ambapo sentensi inaanzia ukurasa huu na kumalizikia ukurasa wa pili.

"Sasa," akasema, "atakayetaka kujua kilichofuata, amwite mwenzake."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mara moja kwa mwaka tunakutana kwenye chumba cha sala, na kila mwenye fungu analisoma la kwake. Baba mkubwa anaanza, baba yangu anampokea, shangazi anampokea baba, na baba mdogo anamaliza. Baba alipofariki, kaka alilisubiri fungu lake kwa hamu. Mama akamwambia, "Macho yangu bado yanaona, mwanangu," akalisoma yeye. Kaka hana fungu hadi leo. Naomba ulikumbuke hilo.

Halafu shangazi akaolewa na fundi saa, mtu wa sala nyingine. Nyumba iliwaka moto. Baba mkubwa alipiga meza, akamwambia asikanyage tena kwenye chumba cha sala. Shangazi hakulia wala hakubembeleza. Alichukua nguo zake na fungu lake, akaenda kwa mumewe.

Tangu mwaka ule, mama akisoma anafika mwisho wa fungu lake, penye maneno haya: "Na usiku ule wa mvua, aliyetufungulia mlango alikuwa." Basi. Hapo ni kimya. Watu wazima wanakohoa kwa aibu, kisha baba mdogo anaanza la kwake, nalo linaanzia hewani: "na ndiyo sababu kisima kile ni chetu sote." Watoto waliozaliwa baadaye wamekua wakisikia kile kikohozi, wakadhani ni sehemu ya ibada. Binti yangu alipokuwa mdogo nilimkuta anawasomea wanasesere wake. Alipofika pale, aliziba mdomo akakohoa kwa heshima zote. Nilicheka, halafu nikaingia chumbani nikalia kwa hasira.

Maana sisi tuliomsikia shangazi akisoma tunajua nani alifungua. Alikuwa mwanamke wa hapa, wa sala nyingine. Sala ile ile ya mume wa shangazi.

Sasa nikazisoma karatasi za kaka. Alikuwa amezileta pamoja na yale mafungu matatu yaliyobaki kwetu, na ameziandika kwa kalamu nzuri, akiiga mwandiko wa zamani. Nilifika mstari wa tatu nikasimama.

"Kaka, hii ni nini? 'Na mlango ukafunguka wenyewe, kwa uwezo wa Mungu'?"

"Ni daraja," akasema. "Pana pengo, nimeliziba. Watu wa kumbukumbu wanakuja siku ya kusoma, watakipiga picha kitabu ukurasa kwa ukurasa, kihifadhiwe. Utawaonyesha kitabu chenye pengo? Nataka kitu kimoja, jalada jekundu, herufi za dhahabu. Nitakisoma mimi mwanzo hadi mwisho."

"Utakisoma wewe. Baba mkubwa je? Mama je?"

"Baba mkubwa haoni vizuri. Mama anachoka."

"Na shangazi?"

"Huyo alijitoa."

"Alitolewa! Usinitie wazimu asubuhi asubuhi. Na huo mlango wenu una miguu? Umejiamkia kitandani ukaona wageni wanalowa, ukajifungua?"

"Mungu hashindwi."

"Mungu hashindwi, ila hapa hahusiki na uongo wako, kaka. Usimsingizie."

Aliinuka. Kaka yangu akikasirika hapazi sauti. Anatengeneza kola ya shati.

"Dada yangu, hiki chumba ni cha ukoo," akasema taratibu. "Anayegawa vyumba ni mimi. Kuna watu wanakitaka, wanataka kuweka saluni. Nimewanyamazisha kwa sababu yako. Nisiaibike mbele ya wageni."

Nilikiangalia kile chumba. Ndicho kinachonilisha, ndicho kinachomsomesha binti yangu. Kibano kile kilipoingizwa humo ilibidi watoe mlango na fremu yake. Lakini ningeshona zile karatasi, zingepigwa picha, na kilichopigwa picha ndicho kingebaki. Shangazi angekuwa hajawahi kuwa na fungu. Yule mwanamke wa mvua angekuwa hajawahi kuwa na mkono. Watoto wa watoto wetu wangesema mlango ulifunguka wenyewe, na wangeendelea kuwafungia wenzao milango wakiwa na raha zao.

"Niachie," nikamwambia. "Karatasi zako nitazitumia. Haitabaki hata moja."

Alitabasamu, akanipiga bega, akaondoka na furaha yake.

Jioni ile nilifunga chumba nikaenda kwa shangazi. Sikuwahi kukata mguu kwake, na sikuwahi kwenda kwa kujificha. Duka lao ni chumba kimoja kilichojaa saa ukutani, na hakuna saa mbili zinazokubaliana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu yako au umetumwa?"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye ule mlango wa kufunguka wenyewe, mumewe aliyekuwa amejipachika kioo kwenye jicho, ameinamia saa ya mtu, alicheka hadi kioo kikamdondoka.

Shangazi hakucheka. Alikwenda chumba cha ndani akarudi na fungu lake ndani ya kitambaa. Pembe za kurasa zilikuwa zimelainika kwa kushikwa.

"Unaona? Kila mwaka siku ile mnasoma kule, mimi nasoma hapa. Naanzia katikati, naishia katikati. Msikilizaji wangu ni huyu. Sasa analijua kuliko ninyi nyote."

"Nipe basi nikalishone mahali pake," nikasema. "Niwatie wote adabu."

"Sikupi."

"Shangazi!"

"Sikupi. Mama, bibi yako, hakugawa karatasi, aligawa midomo. Unataka nitoe karatasi ziingie mle, mimi nibaki nje? Watalisoma vizuri tu, wapigwe picha, wale, walale. Fungu hili haliendi mahali bila mimi. Na mimi siendi mahali bila huyu. Na siendi kuomba msamaha, maana sikukosa."

Nilimwangalia nikaona bibi mtupu, kasoro kisu.

"Basi njooni wote wawili," nikasema. "Mkaribishaji ni mimi. Kama ni kufukuzwa tufukuzwe pamoja."

Siku ilipofika, chumba cha sala kilijaa. Watu wa kumbukumbu walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, na kamera yao juu ya miguu mitatu. Baba mkubwa alikaa mbele na fimbo yake. Kaka alivaa koti. Nilimkabidhi kitabu mbele ya watu wote: jalada jekundu, zito, gumu, na jina la ukoo kwa herufi za dhahabu. Alikiinua juu kama kombe la mpira, watu wakapiga makofi. Nakiri ilikuwa kazi nzuri. Sikuwahi kufanya jalada zuri kama lile.

Akakifungua. Nikaona anakifunga, anakifungua tena.

Sikuwa nimeshona chochote. Ndani ya jalada niliweka mafungu vilevile kama bibi alivyoyaacha, kila moja limefungwa kwa utepe wake. Tepe zilikuwa nne, mafungu matatu. Utepe wa tatu ulikuwa umefungwa bila kitu ndani.

Kaka si mtu wa kuaibika kirahisi. Alitoa fungu la baba mkubwa akalisoma kwa sauti ya mkutano, akatoa la mama akalisoma nalo, mama amekaa pale pale anamtazama. Akafika: "Na usiku ule wa mvua, aliyetufungulia mlango alikuwa."

Watoto wote wakakohoa. Vizuri, kwa pamoja, kama walivyozoea.

Mwanamke wa kumbukumbu aliacha kuandika. "Samahani, hapo alikuwa nani?"

Kaka alikuwa anapekua. "Karatasi zangu ziko wapi?" akaninong'oneza, meno yamebana.

Mimi sikunong'ona. "Zimo, kaka. Jalada linahitaji karatasi za kulikaza, la sivyo linalegea. Nikazigundisha za kwako humo ndani, zote. Gonga usikie zilivyokauka."

Kuna aliyecheka, kisha wakacheka wengi. Kaka alitengeneza kola.

"Tunaendelea na fungu la baba mdogo," akasema.

"Hatuendelei." Sauti ilitoka mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama na kitambaa chake kifuani, na mumewe nyuma yake ameshika kofia mikononi.

Baba mkubwa aligeuza kichwa. "Nani huyo?"

"Ni mimi, kaka. Nimekuja kusoma."

Baba mkubwa aliinua fimbo. Ikagonga sakafu mara moja, na hakuna aliyejua maana yake ni karibu au ni toka. Kaka akaona nafasi. "Mkutano una utaratibu wake," akasema. "Wasioalikwa tunawaomba…"

Hapo mama akainuka. Mama yangu ni mpole, mtu wa kukubali ili yaishe. Miaka yote ile alisoma hadi pale, akafunga, akakaa, na sikuwahi kumsikia akisema neno. Alikwenda mbele akanyoosha mkono.

"Nipe hilo. Ni langu."

"Mama, subiri kidogo…"

"Nimesema nipe, mwenyekiti."

Kaka akampa. Mama alitafuta mstari kwa kidole, akasoma taratibu, akimtazama shangazi si karatasi: "Na usiku ule wa mvua, aliyetufungulia mlango alikuwa." Watoto wakaanza kukohoa.

"Nyamazeni!" mama akasema. "Hamna ugonjwa. Wifi, nakungoja. Nimekungoja sana."

Shangazi alifungua kitambaa chake pale pale alipokuwa, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akaanza kusoma.

"Mwanamke asiyesali kama sisi. Tulikuwa tumelowa, tunaogopa, tumejiandaa kujieleza sisi ni nani na tumefukuzwa kwa nini. Hakutuuliza tunasali vipi. Alituuliza kama tumekula."

Kamera ililia. Shangazi aliendelea kusoma akitembea kuja mbele, na watu wakawa wanasogeza miguu apite. Mumewe alibaki mlangoni hadi mama alipomwonyesha kiti kwa kidole. Shangazi alipomaliza, sentensi yake ikiwa imekatika katikati, baba mdogo aliidaka: "na ndiyo sababu kisima kile ni chetu sote." Kwa mara ya kwanza binti yangu alijua sababu ni ipi. Nilimwona anafikiri.

Baba mkubwa hakusema kitu siku ile, wala baadaye. Sitatia chumvi, sisemi alilia.

Kaka naye alitimiza neno lake. Wiki iliyofuata nilikuta kufuli jipya kwenye chumba changu, na vitu vyangu barabarani, kibano kimelazwa ubavu kama mgonjwa. Wamevunja fremu kukitoa. Hajaniomba radhi na mimi simwombi, na kama angeniletea karatasi nyingine leo ningezigundisha vilevile.

Nilitafuta mkokoteni, nikapakia kila kitu, nikausukuma hadi kwenye duka la saa. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nieleze nimekosana na nani, nani alianza, na kwamba nitakaa kwa muda mfupi tu. Mume wa shangazi alisikia magurudumu, akatoka. Aliutazama mkokoteni, akanitazama mimi, akavua kile kioo jichoni.

"Umekula?" akaniuliza, akausukuma mlango hadi ukutani ili kibano kipite.